Waulize Mafundi: Mashine Kubwa, Umeme wa Mtaani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mashine kubwa za nyumbani: za kukata video, za kuchora majengo, za kuendesha modeli za akili bandia bila kungoja intaneti. Tumezipanga kuanzia ukutani kuelekea ndani ya kasha. Shida nyingi huzaliwa ukutani, na huko ndiko watu wanakopeleka pesa mwisho, kama imebaki.

Kasha linanitekenya mkono

*Nimeunganisha mashine mpya yenye kasha la aluminiamu. Nikiigusa nikiwa peku, vidole vinawasha kama ganzi. Multimita kati ya kasha na sakafu inasoma volti 108. Muuzaji amenibadilishia pawasaplai, na ya pili inafanya vilevile. Nyumba imesimama juu ya lava ya 2002, prizi hazina waya wa ardhi. Je, pawasaplai zote mbili ni mbovu?* (Msomaji wa kartie Mapendo, Goma)

Zote mbili ni nzima, ndugu. Mlangoni mwa kila pawasaplai kuna filta yenye kapasita mbili ndogo: moja inatoka kwenye fezi (waya wenye umeme) kwenda kwenye bati la kasha, nyingine inatoka kwenye nyutro (waya wa kurudi) kwenda kwenye bati hilohilo. Kazi yake ni kumwaga kelele za umeme ardhini. Ardhi isipokuwepo, kapasita hizo zinagawana volti 220 nusu kwa nusu, na kasha linabaki likielea karibu na volti 110. Hiyo ndiyo 108 uliyoipima.

Mkondo wenyewe ni mdogo, kwa kawaida haufiki hata miliampea 2, kwa hiyo unakukera tu. Vifaa ndivyo vinavyoumia. Ukichomeka HDMI kati ya kasha linaloelea na televisheni iliyofungwa kwenye dishi, cheche inaweza kupita kwenye pini za data kabla mabati hayajagusana vizuri, na mlango wa HDMI ukafa papo hapo. Mpaka ardhi ipatikane, chomeka kebo zote kwanza, prizi ya ukutani iwe ya mwisho. Ukifungua, anza na prizi ya ukutani.

Kuna fundi atakayekuambia uunganishe pini ya ardhi na nyutro ndani ya prizi. Mkatalie. Siku nyutro itakapokatika kwenye nguzo, na hukatika, kasha zima litakuwa na volti 220 kamili, na hizo si za kutekenya.

Sasa ardhi yenyewe. Fimbo ya shaba ya mita 1.5 inayopigwa nyundo kwenye udongo wa kawaida haiingii kwenye lava, na hata ukiichimbia tundu haitasaidia sana. Kwenye hesabu za mafundi umeme, mawe matupu huchukuliwa kuwa na ohmu-mita 1,500 hadi 3,000. Upinzani wa fimbo iliyosimama ni takriban namba hiyo ukigawa kwa urefu wake: 3,000 kwa 1.5 ni ohmu 2,000. Waya uliolazwa kwenye mtaro hupigwa mara mbili ya namba hiyo, kisha unagawa kwa urefu: mita 20 zinakupa ohmu 300. Juu ya lava, basi, lazeni waya, msisimamishe fimbo.

Chimba mtaro wa kina cha sentimita 60 hadi 80, pale ambapo maji ya bati yanadondokea ili pabaki na unyevu. Tandika udongo mweusi uliotoka nje ya lava, unene wa kiganja, laza waya wa shaba usio na ngozi wa milimita 25 za mraba, ufunike kwa udongo huohuo na kuushindilia, kisha ndipo urudishe mawe. Changarawe peke yake haifai kwa sababu inaacha hewa kuzunguka waya. Makaa na chumvi tunajua vinapendwa, lakini lava inavuja: mvua za msimu mmoja zinaondoa chumvi, na ile inayobaki inakula shaba. Kama parsele haina mita 20 zilizonyooka, zungusha waya ufuate ukuta.

Ohmu 300 si ardhi nzuri. Inatosha tu ukiwa na dijonkta ya kinga, ile inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, ya miliampea 30. Hesabu yake ni fupi: volti 50 ndizo mpaka wa usalama, 50 ukigawa kwa ampea 0.03 ni ohmu 1,667. Chini ya hapo dijonkta inakata kabla kasha halijafika kwenye volti za kuumiza. Bila dijonkta hiyo, ohmu 300 hazikulindi na chochote, maana fezi ikigusa kasha mkondo hautafika hata ampea 1 na fyuzi haitajua kitu. Bonyeza kitufe chake cha T kila mwezi, lakini kumbuka kitufe hicho kinapima dijonkta peke yake. Kinakata hata kwenye nyumba isiyo na ardhi kabisa. Multimita nayo itakudanganya, kwa sababu itasoma 220 hata kama waya wa ardhi umeshikwa na uzi mmoja. Mwite fundi mwenye kifaa cha kupima ardhi.

Jambo la mwisho ni radi. Kabare, hapo juu ya Bukavu, ndiyo ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa wingi wa radi katika orodha ya satelaiti iliyotolewa 2016: miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kizuia radi unachonunua na kukifunga kwenye boksi la umeme kinamwaga radi ardhini. Kama hakuna ardhi, hakina pa kuimwaga.

Onduleri inazima wakati wa kazi nzito

*Ninakata video za harusi. Mashine ina prosesa ya Ryzen 9 7950X na kadi ya michoro ya RTX 3090. Nimenunua onduleri (UPS) ya VA 1,200. Umeme ukikatika nikiwa naandika barua, inashika. Ukikatika nikiwa natoa video, inalia mara moja na kila kitu kinazima. Kwenye jenereta ni mbaya zaidi: inatikatika tu, tik-tik, kisha betri inakwisha jenereta ikiwa inawaka.* (Msomaji wa Kyeshero, Goma)

Mama, geuza onduleri usome kibandiko cha nyuma. VA 1,200 ni namba ya kuuzia. Namba ya kufanyia kazi ni wati, na kwa ukubwa huo mara nyingi utakuta kati ya 650 na 720.

Tuhesabu mzigo wako. Kadi ya RTX 3090 ni wati 350. Prosesa ya 7950X imeandikwa 170, lakini kiwandani imeruhusiwa kuvuta hadi 230. Ubao mama, memori, diski na feni, weka 70. Jumla ni 650 ndani ya kasha. Pawasaplai ya daraja la dhahabu inapoteza karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ukutani ni kama 720. Ongeza skrini ya wati 40: 760. Tena hiyo ni wastani. RTX 3090 inajulikana kwa miruko ya sekunde ndogo sana inayokaribia mara mbili ya wati zake. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, unameza miruko hiyo bila wewe kujua, lakini onduleri ikiwa kwenye betri inaiona kuwa mzigo umezidi, inazima kujilinda.

Dawa ya bure kwanza, kabla ya kununua onduleri nyingine. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika nvidia-smi -pl 270, bonyeza Enter. Kadi sasa haitapita wati 270. Video itachelewa kwa asilimia chache, na miruko itapungua sana. Amri hiyo inasahaulika mashine ikizimwa, hivyo iweke kwenye orodha ya kazi zinazoanza pamoja na Windows. Kisha ingia BIOS (menyu ya ubao inayofunguliwa kabla ya Windows), tafuta Eco Mode, chagua wati 105: prosesa itasimama kwenye 142 badala ya 230. Hesabu mpya: 270, 142 na 70 ni 482, ukutani karibu 535, na skrini 575. Onduleri yako inaweza kubeba hizo.

Usitarajie muda mrefu. Onduleri ya ukubwa huo mara nyingi ina betri mbili za volti 12, ampea-saa 9. Kwa wati 575 usitegemee zaidi ya dakika 10, na betri zikifika miaka mitatu ni pungufu ya hapo. Chomeka kebo yake ya USB kwenye mashine, weka programu ya onduleri, iagize kuzima Windows kwa utaratibu betri ikibaki asilimia 40. Wengi huiacha kebo hiyo kwenye katoni.

Sasa ile tik-tik. Jenereta ndogo ya petroli haishiki hezi 50: friji ikiwaka inashuka 48, friji ikizima inapanda 52 au zaidi. Onduleri inaona umeme mbovu, inarukia betri. Baada ya sekunde chache inaona umeme umetulia, inarudi. Tena na tena, na betri haipati nafasi ya kujaa. Kwenye programu yake tafuta setingi ya usikivu, ishushe hadi ya chini kabisa. Ikigoma bado, inayokufaa ni jenereta ya aina ya inveta, au onduleri ya kugeuza mara mbili, ambayo haijali hezi zinazoingia. Pia jenereta inakosa pumzi kwenye mwinuko wetu. Kwa mita 1,500 injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu. Iliyoandikwa kVA 3 Goma ni kama 2.5.

Ukifika siku ya kununua onduleri mpya, ulizia inayotoa wimbi safi la sine, lile linalopanda na kushuka taratibu. Zile za wimbi la ngazi hugombana na baadhi ya pawasaplai za kisasa wakati wa kuhamia betri, na mashine inazima ingawa wati zinatosha.

Skrini nyeusi, memori nne

*Nimeweka vijiti vinne vya DDR5, gigabaiti 32 kila kimoja, kwenye ubao wa AM5, wa prosesa za AMD Ryzen 7000. Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi. Nimezima na kuwasha mara nyingi. Ubao umekufa?* (Msomaji wa Katindo, Goma)

Acha kuizima. Mara ya kwanza ubao wa AM5 unaipima memori, mstari kwa mstari, na kwa gigabaiti 128 kazi hiyo inaweza kuchukua dakika 10 na zaidi, skrini ikiwa nyeusi muda wote. Kila ukizima unaianzisha upya. Washa, angalia taa ndogo iliyoandikwa DRAM pembeni ya ubao, ngoja dakika 15.

Ikiendelea vivyo hivyo, toa vijiti viwili. Vilivyobaki viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Vikiwaka, boresha BIOS kwanza, mashine ikiwa kwenye onduleri, kisha rudisha vingine.

Jambo ambalo maduka hayasemi: vijiti vinne kwenye AM5 vinapunguza kasi. Kwa prosesa za Ryzen 7000 AMD inaahidi 5200 ukiwa na vijiti viwili, na 3600 tu ukiwa na vinne. Ile 6000 ya kwenye katoni ni ya vijiti viwili na profaili ya EXPO, ile setingi ya BIOS inayopandisha kasi ya memori. Ukiwasha EXPO kwa vinne na mashine ikakataa, hakuna kilichoharibika, ni hesabu ya waya tu. Kama bado unaweza kurudisha butiki, chukua viwili vya gigabaiti 48. Gigabaiti 96 zenye kasi zinakufaa kuliko 128 zinazokokota, isipokuwa kama kazi yako kweli inazijaza.

Ukimaliza, endesha MemTest86, programu ya kupima memori, usiku mzima. Kosa moja tu ni kosa. Usiseme moja si kitu. Memori mbovu haikuzimii mashine kila mara, inaharibu faili kimyakimya na utajua baada ya miezi.

Nyuzi 95: ninunue ya maji?

*7950X yangu inafika nyuzi 95 kila nikianza kutoa picha za majengo. Kipoza ni cha hewa, chenye minara miwili. Nimeambiwa Bukavu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ni lazima cha maji.* (Mchoraji wa Ibanda, Bukavu)

Nusu ni kweli. Kwenye mita 1,500 hewa ina uzito wa kama asilimia 85 ya ile ya pwani, na feni inasukuma ujazo uleule wenye hewa pungufu. Kipoza ambacho Dar es Salaam kingekuwa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, Bukavu kitakuwa kama 55. Lakini chumba chako ni nyuzi 22, cha mwenzako wa pwani ni 30. Bado umemshinda. Na kipoza cha maji nacho kinamaliza safari kwenye rejeta inayopulizwa na hewa hiyohiyo nyepesi.

Halafu 95 yenyewe. AMD iliitengeneza 7950X ipande hadi hapo kwa makusudi: inaongeza kasi mpaka iguse 95, kisha inajizuia. Ukiipa kipoza kikubwa zaidi itatumia nafasi hiyo kuongeza kasi kidogo na kurudi palepale. Swali la maana ni inashika megahezi ngapi ikiwa hapo. Kwa kazi inayotumia thread zote 32 za prosesa, ikikaa juu ya 4,800 iko sawa. Ikianguka 4,000 au chini, kuna kitu kimefungwa vibaya.

Vitu vya kukagua, kwa mpangilio wa jinsi tunavyovikuta: karatasi ya plastiki bado imebandikwa chini ya kipoza, skrubu zimekazwa upande mmoja mpaka mwisho kabla ya upande wa pili kuguswa, feni ya katikati imegeuzwa na inagombana na ya mbele, pate ya joto (krimu ya kati ya prosesa na kipoza) ni chache. Prosesa ya AM5 ina bati nene lenye mapengo pembeni, weka tone la ukubwa wa punje ya mahindi katikati na matone madogo manne kwenye kona, bana kipoza kwa kukaza skrubu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja.

Baada ya hapo shusha volti. Ingia BIOS, AMD Overclocking, kisha Precision Boost Overdrive, Curve Optimizer, chagua viini vyote (All Cores), hasi, 10. Ikitulia wiki nzima jaribu 15, kisha 20. Kila hatua ni milivolti 3 hadi 5 pungufu. Watu hujaribu kwa kutoa picha saa tatu, mashine inastahimili, wanafurahi, halafu inajizima usiku ikiwa haifanyi kitu. Sababu ni kwamba volti zikiwa pungufu udhaifu huonekana kwenye mzigo mwepesi, pale kiini kimoja kinaporuka hadi kasi ya juu kabisa. Tumia CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja baada ya kingine, uiache usiku kucha. Asubuhi fungua kumbukumbu za Windows, tafuta WHEA-Logger namba 18. Itakuonyesha kiini kilichoshindwa, nacho ukirudishie hatua 5. Usishangae vile viini viwili bora kuliko vyote vikiwa vya kwanza kulalamika. Kiwandani vilishapewa volti kidogo, havina cha kupunguza.

Setingi moja usiiguse kwa kupandisha: volti ya SoC, ile ya sehemu ya prosesa inayoendesha memori. Isipite volti 1.3. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye soketi kwa sababu mbao zilikuwa zinaipandisha zenyewe EXPO ikiwashwa, na AMD ikatoa BIOS mpya yenye kizuizi hicho. Ubao uliokaa dukani tangu kabla ya Mei 2023, boresha BIOS kabla ya kuwasha EXPO.

Core i9 ya mkono wa pili

*Ba yaya, salamu. Nimepata Core i9-14900K iliyotumika, bei nzuri mno, imetoka Kasumbalesa. Nichukue?* (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Bei nzuri mno ina sababu. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i9, zilikuwa na kasoro ya kujiombea volti nyingi kupita kiasi, na volti hizo zilizichakaza ndani. Intel ilitoa dawa ya mfululizo mwaka 2024, microcode (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa nane na 0x12B mwezi wa tisa. Dawa inazuia ugonjwa, haiponyi iliyokwisha kuugua. Kama mwenye nayo wa kwanza aliiendesha mwaka mzima bila kuboresha BIOS, hiyo ndiyo unauziwa.

Ijaribu mbele ya muuzaji. Fungua faili kubwa iliyobanwa kwa 7-Zip mara kumi mfululizo. Ikitoa kosa la CRC mara moja, mwachie. Mchezo unaotumia Unreal Engine ukilalamika kwamba memori ya video imekwisha, wakati kadi ina gigabaiti 24, mwachie pia: ni prosesa inayokosea hesabu. Intel iliongeza miaka miwili ya dhamana kwa zile za katoni, hivyo uliza katoni na risiti. Bila hivyo, hata nusu bei ni ghali.

Kebo ya pawasaplai ya zamani

*Nilibadilisha pawasaplai, nikaacha kebo za zamani kwa sababu zilikuwa zimepangwa vizuri. Diski mbili zimenuka moshi.* (Msomaji wa Birere, Goma)

Upande wa diski, soketi zote ni sawa duniani. Upande wa pawasaplai, kila kiwanda kinapanga pini kinavyotaka, na hata kiwanda kimoja hubadilisha kati ya modeli na modeli. Plagi inaingia vizuri, ila volti 12 zinatokea mahali pa volti 5. Ukibadilisha pawasaplai badilisha na kebo zote, hata ile moja iliyojificha nyuma ya bati.

Usitupe diski kama zina data na ni za sahani (HDD). Nyingi zina daiodi ya kinga kwenye mstari wa volti 5, ambayo hujitoa mhanga kwa kufunga njia. Fundi wa bodi za simu anaweza kuing'oa, diski ikawaka kwa muda wa kutosha kunakili. Hiyo ni kwa kuokoa data tu, usiendelee kuitumia. Za SSD kwa kawaida haziokoki kirahisi hivyo.

Vifaa vingine, kwa ufupi

*Kibodi ya mitambo iliyotoka Dubai, nimeibandika vifuniko vya AZERTY, lakini sipati alama za < na >.* (Mwanafunzi wa Lubumbashi)

Huzipati kwa sababu kitufe chake hakipo. AZERTY ya Ufaransa ina vitufe 105, na hicho kinakaa kati ya Shift ya kushoto na W. Kibodi ya Kimarekani ina 104, Shift yake ni ndefu na imemeza nafasi hiyo. Kama inakubali programu ya VIA, ya kupanga upya vitufe, weka alama hizo zitoke ukibonyeza Fn pamoja na kitufe kingine. Safari nyingine nunua iliyoandikwa ISO, ambayo ina kitufe hicho.

*Lenzi zangu zinaota ukungu kama utando, na huwa nazifunga vizuri kwenye mfuko wake wa ngozi.* (Mpiga picha wa Kadutu, Bukavu)

Mfuko wa ngozi ndio shamba lake: ngozi inashika unyevu na kulisha kuvu. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, kipimo kidogo cha unyevu, na gramu 200 za chembe za silika. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 65 kuvu huanza, ikishuka chini ya 30 mafuta na mipira ya lenzi hukauka. Chembe za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye sufuria kavu juu ya mbabula yenye moto mdogo, ukikoroga, mpaka rangi irudi. Moto mkali unaziua. Lenzi iliyokwisha kuota iweke mbali na wenzake mpaka isafishwe.

*Spika zangu za studio zinavuma mmmm tangu niliponunua kadi kubwa ya michoro, na nikisogeza kipanya zinatoa sauti kama mdudu.* (Mtayarishaji muziki wa Ndosho, Goma)

Hizo ni sauti mbili zenye sababu mbili. Chomoa kebo ya sauti nyuma ya spika. Mvumo ukibaki, spika yenyewe ina tatizo. Ukiisha, ni mzunguko wa ardhi: mashine na spika zinakutana na ardhi kwa njia mbili tofauti, na tofauti ndogo ya volti kati yake inapita kwenye kebo yako ya sauti. Chomeka zote mbili kwenye ubao mmoja wa prizi, utoke kwenye prizi moja ya ukutani. Kisha tumia kebo zenye waya tatu, za XLR au jeki ya milimita 6.35 yenye pete mbili nyeusi (TRS), sio zile za RCA. Usikate pini ya ardhi ya spika. Mvumo utaisha, na kinga ya mtu nayo itaisha.

Sauti ya mdudu inayofuata kipanya ni kelele ya kadi inayopitia USB hadi kwenye kifaa chako cha sauti. Kihamishie kwenye mlango wa USB wa nyuma, ule wa juu kabisa ulio kwenye ubao wenyewe, kwa kebo fupi. Ikibaki, na kama ubao una mlango wa sauti wa mwanga na kifaa chako kinaupokea, pitisha sauti huko: uzi wa mwanga hauna shaba, kwa hiyo kelele haina njia. Kama haupo, weka kitenganishi cha USB katikati, na hakikisha unanunua kile cha megabiti 480, kwa sababu vile vya bei rahisi ni vya megabiti 12 na vitabana chaneli za kifaa chako cha sauti.